Wamama, mkojo unaotoka bila ruhusa unaweza kuzuiwa

Wamama wengi wa kambini, wakifika miaka 45 ao 50, wanapata taabu moja wasiyopenda kuisema. Wakikohoa, wakicheka ao wakiinua beseni ya maji, mkojo unatoka kidogo. Kwa haya, mmoja anaacha kwenda sokoni, mwingine anakaa karibu na mlango wa kanisa. Wanasema: ni uzee. Sivyo! Mara nyingi ni misuli iliyolegea, na misuli inaweza kutiwa nguvu.

Chini ya kibofu na tumbo la uzazi kuna misuli inayovibeba, kama kitambaa kinavyobeba mtoto mgongoni. Kuzaa mara nyingi, mizigo mizito na kikohozi cha siku nyingi vinailegeza. Siku za mwezi zinapokaribia kukoma, homoni ya kike iitwayo estrojeni inapunguka, na sehemu hizo zinazidi kupoteza nguvu.

Mwaka 1948 mganga mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya zoezi lisilo na gharama. Fanya hivi:

1. Kaa ao lala. Kaza misuli kama mtu anayezuia mkojo na upepo pamoja. Usikaze mapaja wala matako, wala usizuie pumzi.
2. Shika hivyo ukihesabu mpaka 5, kisha legeza ukihesabu mpaka 5. Ukizoea, fika 10.
3. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni.
4. Kabla ya kukohoa ao kuinua mzigo, kaza kwanza.

Usifanye zoezi wakati wa kukojoa, maana mkojo unaweza kubaki ndani. Wala usijinyime maji: mkojo mzito unachokoza kibofu. Usikate tamaa baada ya wiki moja. Endelea kwa miezi 3.

Mkojo ukichoma, ukiwa na damu, ao ukichuruzika usiku na mchana, hasa tangu uzazi mgumu, usingoje. Nenda dispanseri. Pengine ni ugonjwa wa kibofu, ao tundu linaloitwa fistula. Fistula haiponi kwa zoezi, lakini waganga wanaweza kuifunga kwa kupasua.

Nanyi wababa: nguzo ikilegea mgodini, hatuitukani, tunaikaza mapema. Msiwacheke bibi zenu. Wabebeeni maji na magunia ya makala, na mkiona wanaogopa kwenda kwa mganga, wasindikizeni.