Mawe na Maua Juu ya Kamba

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, watu wengi katikati ya Nairobi walisikia mlio, wakakimbilia madirishani kutazama. Ndipo bomu lililokuwa ndani ya lori likalipuka kwenye Ubalozi wa Marekani. Walikufa watu 213 mjini humo, na 11 Dar es Salaam asubuhi hiyo hiyo. Wengi walipofushwa na vioo. Wengine walitoka bila hata mkwaruzo, ila mlango ukibamizwa tu, waliruka.

Sisi akina mama tunawafahamu watu wa namna hiyo. Huenda ni mume aliyenusurika ajali ya basi, binti aliyebakwa, au jirani aliyekimbia vita. Usiku anaota yale yale, mchana anaikwepa barabara ile, na hasira zake ziko karibu hata watoto wanamwogopa. Nasi tunamwambia: "Yamepita, mshukuru Mungu." Kwake hayajapita. Madaktari waliupa ugonjwa huu jina rasmi mwaka 1980. Si pepo, wala si upungufu wa imani. Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, naye akalala tena.

Iko tiba ya kusimulia maisha. Mgonjwa na mshauri hutandaza kamba sakafuni, mwanzo wake ukiwa siku ya kuzaliwa. Penye jambo jema huwekwa ua, penye baya jiwe. Katika vikao vinavyofuata hulirudia kila jiwe polepole: aliona nini, alisikia nini, na sasa anaposema, mwili wake unahisi nini. Hofu hupanda. Hawakatizi hapo, bali huendelea mpaka itulie, na yale yaliyokuwa vipande vipande hupata mahali na wakati wake. Mshauri huandika yote, na kikao kijacho humsomea.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Wanyarwanda na Wasomali walitibiwa hivyo kwa vikao 6 tu. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao, waliofundishwa majuma machache. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa baadaye watu 7 hivi kati ya 10 hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa huo. Kwa haki tuseme kwamba ushauri wa kawaida wa mazungumzo nao ulikaribia matokeo hayo.

Lakini mama, usiijaribu kamba hii sebuleni kwako, wala usimlazimishe mwenzio asimulie asipotaka. Linda usingizi wake. Chunga asikimbilie pombe. Waeleze watoto kwamba baba anaumwa, hawakumkosea. Kisha msindikize kwenye kliniki ya afya ya akili katika hospitali kubwa iliyo karibu. Akitaja kujiua, nendeni siku hiyo hiyo.

Mwishoni mgonjwa hukabidhiwa hadithi yake iliyoandikwa. Na ile kamba, sehemu ya mwisho huwa haikutandazwa. Huachwa imeviringwa kwa ajili ya miaka ijayo.