Donda ndugu la mguu: pesa iende wapi kwanza

Mwenye kisukari aliye na kidonda cha wayo kisichofunga huingia duka la dawa na hofu, na mwenye hofu huuziwa cha bei kubwa. Mara nyingi pesa hiyo ilihitajika kwingine.

Shashi ndiyo rahisi kuliko vyote. Ikiwekwa kavu lakini, hugandana na nyama changa. Ukiibandua asubuhi inang'oka na ngozi mpya, damu inachuruzika upya. Bandeji ya povu ni ghali kwa kipande, ila hainati kirahisi, hunyonya majimaji na huweza kukaa siku kadhaa. Basi piga hesabu ya siku, si ya kipande: ikikaa siku 3, ilinganishe na shashi za siku 3, nauli ya kwenda zahanati mara 3 na ada ya kufungwa kidonda. Kwa anayeishi mbali, povu huweza kuwa nafuu.

Bandeji zenye madini ya fedha nisingezikimbilia. Utafiti wa VULCAN wa Uingereza, uliochapishwa 2009, ulizipima kwenye vidonda vya miguu vitokanavyo na ubovu wa vena. Baada ya wiki 12 uponaji haukutofautiana kwa maana na wa bandeji za kawaida. Gharama ndiyo iliyozidi.

Kuna pia bekaplemini, jeli ya protini inayochochea tishu kukua, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997. Katika jaribio lililochapishwa 1998, vidonda 50% vilifunga ndani ya wiki 20, dhidi ya 35% kwa jeli isiyo na dawa. Faida ipo, lakini tyubu moja huko Marekani huzidi dola 1,000. Na hiyo 35% isipuuzwe: ilipatikana kwa huduma nzuri tu, nyama mfu ikikatwa na mguu ukipumzishwa.

Maabara sasa zinafuma nyuzi za polima zenye peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Umeme wa volti nyingi huivuta polima iliyoyeyushwa hadi iwe nyuzi nyembamba kuliko unywele, peptidi ikiwa ndani. Donda ndugu limejaa vimeng'enya vinavyokatakata protini. Dawa ya kupaka huharibiwa mapema, ya kwenye uzi hutoka kidogo kidogo. Wazo hili nalipenda kwa dhati. Ila peptidi ni ghali kutengeneza, nyingi huharibiwa na joto la kuua vijidudu, na kufaulu maabara hakutoshi: peksiganani, krimu ya peptidi kwa vidonda vya kisukari vilivyoambukizwa, ilishindwa majaribio yake ya mwisho mwaka 2016. Restrata, inayouzwa Marekani, ni mkeka wa nyuzi za namna hiyo, lakini hauna peptidi. Anayekuuzia "nyuzi za peptidi" leo, mwombe matokeo ya wagonjwa.

Kwa kidonda cha wayo, pesa ya kwanza ningeitoa kwa daktari wa kupima damu inavyofika mguuni, kisha kwa usafishaji wa kidonda na hogo la hadi chini ya goti. Hogo huondoa uzito pale panapoumia kila hatua, na mgonjwa hawezi kulivua akichoka nalo. Halifai mguu wenye maambukizi makali au uliokosa damu. Kidole kikiwa cheusi, au homa ikija pamoja na usaha, acha kuchagua bandeji. Nenda hospitali siku hiyohiyo.