Jinsi ya Kuchagua Nyama Njema ya Kuchoma

Pengine mwenye nyumba hupata wageni, akatoa fedha aliyoiweka akiba, akanunua nyama na kuichoma. Kisha wageni huitafuna mpaka taya zikawauma. Fedha imekwenda, na heshima ya karamu imepungua. Mara nyingi kosa si la mpishi. Lilianza kule kwenye duka la nyama. Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya kuchagua nyama ya ng'ombe ifaayo kuchomwa juu ya makaa.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini nyama moja ni laini na nyingine ni ngumu. Nyama ni misuli, na msuli ufanyao kazi nyingi hukomaa na kujaa kano. Ng'ombe hutembea na kuinamisha shingo mchana kutwa akila majani. Basi nyama ya shingo, ya kidari na ya muundi ni ngumu. Hiyo yafaa kwa mchuzi au supu, maana maji na moto wa polepole huzilainisha kano zake. Lakini nyama iliyolala kando ya uti wa mgongo haina kazi kubwa. Hiyo ndiyo sarara, nayo ndiyo bora ya kuchoma. Ukiikosa, chukua nyama ya juu ya paja isiyo na kano nyeupe.

Pili, itazame nyama yenyewe. Huku kwetu Bagamoyo mbung'o wamezuia tangu zamani ufugaji wa ng'ombe wengi karibu na bahari, na wanyama wengi hutoka nyika za Chalinze au mbali zaidi bara. Mnyama aliyechoshwa na safari, akachinjwa bila kupumzishwa, nyama yake huwa nyeusi-nyeusi na yenye kunata, tena haikawii kuharibika. Nyama njema ni nyekundu, haina utelezi wala harufu mbaya, na ukiibonyeza kwa kidole hurudi mahali pake. Ikiwa na nyuzi nyembamba za mafuta ndani yake, ni bora zaidi, kwani mafuta hayo huyeyuka motoni na kuilainisha.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote: nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Msishawishike na nyama ya bei rahisi iuzwayo kwa siri. Mnyama aliyekufa mwenyewe huenda alikuwa na kimeta, ugonjwa uuao watu pia. Mzoga wake usipasuliwe, bali aitwe bwana mifugo. Tena ukiona ndani ya nyama vifuko vidogo vyeupe, kama punje za mbaazi au vidogo zaidi, usiinunue. Huenda ni watoto wa tegu. Hata nyama iliyokaguliwa, ichome mpaka wekundu wa ndani umalizike.

Sasa tufike jikoni. Saa chache baada ya kuchinjwa nyama hukakamaa, kisha hulainika tena ikikaa siku mbili tatu penye baridi. Mwenye jokofu na afanye hivyo. Asiye nalo asijaribu, kwani joto la pwani litaiozesha. Yeye ana dawa nyingine shambani mwake, nayo ni papai bichi. Utomvu wake hukata nyuzi za nyama. Liponde, uipake nyama pamoja na tangawizi na kitunguu saumu, uiache nusu saa tu. Ikikaa mno hurojeka. Chumvi na ndimu tia mwishoni.

Ikate nyama kwa kukingama na nyuzi zake, wala si kwa kuzifuata, ili mlaji apate nyuzi fupi. Unene wa kidole kimoja watosha. Usiiweke juu ya ndimi za moto, maana itaungua nje na kubaki mbichi ndani. Ngoja makaa yafunikwe na majivu meupe. Haraka haraka haina baraka. Ikiisha kuiva, iache ipumzike kidogo kabla ya kuikata, ili maji yake matamu yasimwagike sahanini.

Basi, ndugu zangu, mwendapo kununua nyama ulizeni sehemu yake, utazameni muhuri, na msione haya kukataa kipande kisichofaa. Fedha ni yenu, na afya ni ya watoto wenu.