Gari la michezo la Marekani na rodsta ya Ulaya

Gari la michezo la Marekani na rodsta ya Ulaya ni namna mbili za kuunda motokaa inayokusudiwa kumfurahisha dereva kuliko kubeba watu wengi au mizigo. Namna ya kwanza hutegemea injini kubwa yenye nguvu nyingi. Mifano yake inayojulikana zaidi ni Ford Mustang na Chevrolet Corvette. Namna ya pili hutegemea wepesi. Rodsta ni gari dogo, la chini, lenye viti viwili na paa linalofunguliwa. Mifano yake ni MGB, Lotus Elan, BMW Z4 na Porsche Boxster.

Magari ya namna zote mbili ni machache nchini Tanzania. Hata hivyo, swali la lipi linafaa zaidi linaweza kujibiwa kwa vipimo, na mahali pazuri pa kulipima ni katikati ya jiji la Dar es Salaam, yaani Kariakoo, Gerezani na Upanga. Huko mitaa ni finyu, mvua hujaza maji barabarani na duka la spea liko karibu.

== Asili ==

Rodsta ilistawi Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Barabara za vijijini huko zilikuwa nyembamba na zenye kona nyingi, na injini ndogo ilitosha kama gari lenyewe lilikuwa jepesi. MGB ilitengenezwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1980 ikiwa na injini ya lita 1.8 na nguvu ya farasi takriban 95. Lotus Elan, iliyoanza pia mwaka 1962, ilikuwa na uzito wa kilogramu 700 hivi tu.

Marekani ilikuwa na barabara pana zilizonyooka na petroli ya bei nafuu. Chevrolet Corvette ilianza mwaka 1953 ikiwa yenyewe gari la wazi la viti viwili na injini ya silinda 6. Mwaka 1955 ilipata injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V, na tangu hapo injini ya namna hiyo imekuwa alama ya magari ya michezo ya nchi hiyo. Ford Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 mjini New York.

Mipaka kati ya namna hizo mbili haikuwa migumu. Mwaka 1962 Mmarekani Carroll Shelby alitia injini ya Ford ya silinda 8 katika gari la Uingereza AC Ace, na hivyo likapatikana gari la Cobra. BMW Z3, rodsta ya kampuni ya Ujerumani, iliundwa katika kiwanda cha Spartanburg, Marekani. Rodsta iliyouzwa kuliko zote duniani ni ya Japani: Mazda MX-5, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 1989 kwa kufuata mfano wa rodsta za Uingereza. Kwa mnunuzi wa Tanzania jambo hili ni muhimu, kwa sababu magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini hutoka Japani.

== Nguvu na uzito ==

Kosa la kawaida ni kulinganisha nguvu ya farasi peke yake. Nguvu hiyo inapaswa kugawanywa kwa uzito wa gari. Mustang GT ya mwaka 2015 ina nguvu ya farasi zaidi ya 400 na uzito wa takriban kilogramu 1,700, yaani kama nguvu ya farasi 24 kwa kila kilogramu 100. Mazda MX-5 ya lita 1.5 ina nguvu ya farasi 130 hivi na uzito unaozidi kidogo kilogramu 1,000, yaani kama 12 kwa kila kilogramu 100. Kwa hiyo Mustang hushinda bila shaka katika barabara iliyonyooka.

Uzito una gharama zake. Nishati ya gari linalokwenda ni nusu ya uzito wake mara kasi mara kasi tena. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha kasi katika maeneo ya makazi Tanzania, gari la kilogramu 1,700 lina nishati ya kilojuli 164 hivi, na gari la kilogramu 1,000 lina kilojuli 96 hivi. Kila dereva anapokanyaga breki hadi kusimama, nishati hiyo hugeuka kuwa joto. Katika msongamano ambao gari huondoka na kusimama mara mia kwa safari moja, gari zito huchosha pedi, diski na matairi mapema zaidi.

Isidhaniwe kwamba gari zito lazima lisimame mbali zaidi. Uzito huongeza nishati, lakini pia huongeza mshiko wa matairi barabarani. Matairi na breki zikiwa nzima, umbali wa kusimama wa magari hayo mawili hukaribiana. Tofauti huonekana katika joto la breki, uchakavu, na katika kona: gari jepesi hubadili mwelekeo kwa urahisi zaidi.

== Ushahidi wa Safari Rally ==

Afrika Mashariki iliwahi kupima swali hili hadharani. Mashindano yaliyoanza mwaka 1953, na ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally, yalipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1964 timu kutoka Marekani ilileta magari sita aina ya Mercury Comet yenye injini za silinda 8. Comet si gari la michezo, lakini ina nasaba moja na Mustang, kwani zote mbili zilitokana na muundo wa Ford Falcon.

Mwaka huo mvua ilikuwa kubwa na barabara zilikuwa matope. Kati ya Comet sita, mbili tu zilimaliza, tena nyuma kabisa. Mshindi alikuwa Peter Hughes akiwa na Billy Young katika Ford Cortina GT ya lita 1.5 kutoka Uingereza. Mwaka uliotangulia ilishinda Peugeot 404 ya Ufaransa, ambayo nayo ilikuwa na injini ndogo.

Hata hivyo si kweli kwamba gari la michezo halikuweza kushinda. Mwaka 1971 na mwaka 1973 mshindi alitumia Datsun 240Z, gari la michezo la Japani lenye viti viwili na injini ya lita 2.4. Uzito wake ulikuwa kama kilogramu 1,000. Nguvu ilisaidia pale ilipokuwa katika gari jepesi na imara.

== Mitaa ya Kariakoo ==

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mitaa yake imepangwa kwa mistari inayokatana, na kona zake ni za karibu karibu. Katika mitaa kama Kongo, Sikukuu na Livingstone gari hugawana nafasi na wamachinga, bajaji, bodaboda, maguta na mikokoteni. Katika Mtaa wa Msimbazi sehemu ya katikati imetengwa kwa mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016, na magari binafsi hayaruhusiwi humo.

Katika mazingira hayo vipimo vya gari ni muhimu kuliko kasi. Mustang ina urefu wa mita 4.78 na upana wa mita 1.92 bila vioo vya pembeni. MX-5 ya kizazi cha nne ina urefu wa mita 3.92 na upana wa mita 1.74. Ili kugeuka mzunguko mmoja kamili, Mustang huhitaji zaidi ya mita 11, na MX-5 karibu mita 10. Tofauti hiyo huweza kumlazimisha dereva arudi nyuma mara moja zaidi, huku mkokoteni ukiwa umeshasimama nyuma yake.

Watu wengi huuliza kwanza kama gari litakwaruza matuta. Magari yote mawili yako chini, yakiwa na nafasi ya sentimita 13 au 14 tu kutoka ardhini. Lakini nafasi hiyo peke yake haitoshi kueleza jambo. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2.72 kwa Mustang na mita 2.31 kwa MX-5. Kadiri ekseli zinavyokaribiana, ndivyo tumbo la gari linavyoweza kuvuka mgongo wa tuta bila kugusa. Kwa makadirio ya jiometri, Mustang huweza kuvuka pembe ya digrii 11 hivi na MX-5 digrii 13 hivi. Tofauti ni ndogo, lakini katika tuta lililomwagwa bila vipimo huamua kama sampo itagusa au haitagusa.

Rodsta ina udhaifu wake pia. Dereva huketi chini sana, na dereva wa Fuso anaweza asimwone kabisa. Anayeendesha gari la namna hiyo hana budi kukaa mbali na ubavu wa lori na kutotegemea kuonekana.

== Upande wa usukani ==

Tanzania magari hupita upande wa kushoto, hivyo usukani unafaa kuwa kulia. Mustang ilianza kutengenezwa kiwandani ikiwa na usukani wa kulia katika kizazi cha sita, yaani toleo la mwaka 2015. Corvette ilipata usukani wa kulia katika kizazi cha nane, kilichoonyeshwa mwaka 2019. Kwa kawaida matoleo ya zamani zaidi yana usukani wa kushoto, au yamebadilishwa na mafundi. Mwenye usukani wa kushoto haoni mbele anapotaka kulipita basi, mpaka sehemu kubwa ya gari lake iwe tayari upande wa magari yanayokuja. Rodsta za Uingereza na Japani hazina tatizo hilo.

== Kodi ==

Wengi huamini kwamba injini kubwa ndiyo inayopandisha kodi. Hesabu inaonyesha vingine. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka mingi, gari hutozwa ushuru wa forodha wa 25%. Ushuru wa bidhaa ni 5% kwa injini ya sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, na 10% kwa injini inayozidi 2,000. Gari lililotumika lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa 15%, na linalozidi miaka 10 huongezewa 30%. Juu ya jumla huja kodi ya ongezeko la thamani ya 18%. Zipo pia tozo nyingine ndogo.

Tuchukue magari mawili ambayo kila moja lina thamani ya shilingi milioni 10 forodhani. Baada ya ushuru wa forodha kila moja ni 12,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya lita 1.8 ni 625,000, na kwa injini ya lita 5 ni 1,250,000. Tofauti ni 625,000. Lakini gari likizidi miaka 10 huongezwa 3,750,000, injini iwe kubwa au ndogo. Kwa hiyo umri hugharimu mara sita ya tofauti ya injini. Viwango huweza kubadilika katika bajeti ya kila mwaka, na thamani inayotumika ni ile inayokubaliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), si lazima bei iliyolipwa. Kikokotoo cha TRA kitumike kabla ya kulipia gari.

Injini kubwa hulipiwa baadaye, kituoni. Ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa mwaka 2017 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye mafuta. Anayetumia lita nyingi ndiye anayelipa zaidi.

== Spea na mafundi ==

Kariakoo na Gerezani ni kitovu cha biashara ya spea Tanzania, lakini bidhaa nyingi ni za magari ya Japani, hasa Toyota na Nissan. Plagi, betri, matairi na oili hupatikana kwa gari lolote lenye vipimo vya kawaida. Taa, bampa, radieta na vifaa vya kielektroniki vya Mustang au Porsche kwa kawaida huagizwa nje, na gari husubiri. Ni busara kwenda dukani na namba ya chesisi kabla ya kununua gari, na kuulizia vitu vitano: pedi za breki, shokapu, radieta, kioo cha mbele na taa ya mbele. Majibu ya wauzaji watatu yatamfundisha mnunuzi mengi kuliko matangazo.

== Mvua, jua na wizi ==

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, maji hufunika baadhi ya barabara, na Barabara ya Morogoro hufungwa mara kwa mara pale Jangwani. Gari la michezo lisivushwe katika maji yasiyojulikana kina. Injini ikivuta maji, pistoni hushindwa kuyagandamiza na konrodi hupinda. Hapo hakuna tofauti kati ya Marekani na Ulaya.

Paa la kitambaa la rodsta huchakaa kwa jua na hewa ya chumvi, nalo hupasuliwa kwa kisu kwa urahisi. Vioo vya pembeni na taa hutafutwa na wezi. Ndiyo maana wenye magari wengi jijini huchora namba ya gari juu yake. Gari ambalo spea zake ni adimu huumia zaidi kwa wizi huo.

== Namna ya kuchagua ==

Kwa safari ndefu za barabara kuu, kwa mwenye mahali salama pa kuegesha na uwezo wa kuagiza spea, Mustang yenye usukani wa kulia ina faida zake: nguvu ya kupita malori, paa gumu na viti viwili vidogo vya nyuma. Kwa mtu anayeingia Kariakoo kila siku, nguvu ya farasi 400 haina mahali pa kutumika, bali uzito na upana hulipiwa kila siku. Kwake rodsta nyepesi yenye injini isiyozidi lita 2, isiyozidi umri wa miaka 10 na yenye spea zinazopatikana ndiyo chaguo linalofaa zaidi.

Kama gari hilo litakuwa moja tu nyumbani, na lina watoto wa kupeleka shule, yote mawili hayafai.

== Tazama pia ==

Motokaa
Kariakoo
Safari Rally