Wajue Dagaa, Mjue Mteja

Ukifika soko la Mwaloni, Kirumba, mjini Mwanza, utaona magunia mengi ya dagaa wa Ziwa Viktoria. Wauzaji ni wengi, na bei zao hazipitani sana. Wanunuzi hutoka vijijini, mikoa mingine, na hata nchi jirani kama Kongo na Burundi. Je, mnunuzi atakwenda kwa nani? Na safari ijayo atarudi kwa nani?

Wengine hudhani kuwa kumhudumia mteja ni kumwita kwa sauti na kucheka naye. Kumkaribisha mtu ni jambo jema, lakini tabasamu halikaushi dagaa. Mteja anamhitaji muuzaji anayeijua bidhaa yake na atakayemwambia kweli.

Muuzaji hodari hufanya mambo haya:

1. Huwajua dagaa wake. Dagaa waliokauka vizuri hung'aa, na ukimkunja mmoja huvunjika. Wasiokauka hupinda tu. Walioanikwa juu ya chanja huwa safi. Walioanikwa chini huwa na mchanga.

2. Humwuliza mteja. "Dagaa hawa ni wa kula watu au wa kulisha kuku? Unawapeleka wapi?" Dagaa wa safari ndefu lazima wawe wakavu kabisa. Wakiwa na unyevu, huota ukungu ndani ya gunia.

3. Hasemi uongo. Dagaa walionyeshewa na mvua huwatenga. Hawafichi chini ya gunia.

4. Hupima kwa mzani, mbele ya macho ya mteja.

Sasa fikiri habari ya mama mmoja wa kijijini. Amekopa fedha, akanunua gunia moja la dagaa. Anafika nyumbani, analifungua. Juu dagaa ni wazuri, lakini chini wana ukungu. Hana cha kuuza, na deni linamngoja. Muuzaji wake amepata faida ya siku moja tu, kwa maana mama huyo atawaeleza wenzake wote gulioni. Njia ya mwongo ni fupi.

Muuzaji mwingine angemwambia, "Mama, dagaa wangu wa leo hawajakauka. Ngoja kesho, au jaribu kwa jirani yangu pale." Siku hiyo angekosa fedha. Lakini mama angerudi kwake mwezi ujao, tena akiwa na wenzake.

Ndugu msomaji, labda wewe huuzi dagaa. Labda unauza mchele, unashona nguo au unatengeneza baiskeli. Jambo ni lile lile. Bidhaa yako wengine pia wanayo. Ujuzi wako na ukweli wako ndivyo vitakavyomrudisha mteja kwako.

Maswali ya kujadili

1. Utajuaje kwamba dagaa wamekauka vizuri?
2. Katika kazi yako, mteja anahitaji kuambiwa nini kabla hajatoa fedha yake?