Kina cha Bahari na Wanyama wa Ufilipino

Luzon, kisiwa kikubwa kuliko vyote nchini Ufilipino, kina spishi 56 za mamalia wa asili, ukiwaacha popo. Kati ya hizo, 52 hazipatikani mahali pengine popote duniani. Nusu ya spishi hizo 56 iligunduliwa katika utafiti ulioanza mwaka 2000, ukiongozwa na Lawrence Heaney wa jumba la makumbusho la Field, Chicago, na mwenzake Mfilipino, Danilo Balete. Walitega mitego mlima baada ya mlima, na karibu kila safu ya milima ilikuwa na panya wake.

Chanzo cha utajiri huo ni kina cha bahari. Miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu, na usawa wa bahari ukashuka kwa mita zipatazo 120. Penye maji haba pakakauka. Samar, Leyte, Bohol na Mindanao vikawa kisiwa kimoja. Negros, Panay na Cebu vikawa kingine. Mindoro kilibaki peke yake ingawa kiko jirani na Luzon, kwa kuwa mkondo unaovitenga ni wenye kina kirefu. Ndiyo maana hadi leo Leyte ina wanyama wengi sawa na wa Mindanao, huku Cebu iliyo karibu nayo ikiwa na wengine kabisa.

Sehemu kubwa ya visiwa hivi haijapata kuungana na bara la Asia. Palawan ndiyo iliyo tofauti: imekaa upande wa Borneo, na kakakuona wake, asiyepatikana kwingine, ana jamaa wa karibu huko. Kwingineko, mababu wa wanyama walifika kwa bahati, pengine juu ya magogo yaliyosombwa na mafuriko hadi baharini. Waliofika walikuwa wachache, wakakuta misitu mitupu. Koo za panya zikagawana kazi ambazo barani zina wenyewe. Panya wa jenasi ya Rhynchomys wana pua ndefu na meno madogo, na hula minyoo ya ardhini. Binamu zao wa jenasi ya Phloeomys hupanda miti, hula majani, na huweza kuzidi kilo 2. Wale wa kileleni, waliozoea baridi na ukungu, hawavuki mabonde yenye joto, kwa hiyo mlima nao huwa kisiwa.

Hata kilele cha mlolongo wa chakula kina mwenyewe wa pekee. Luzon na Mindanao havina chui wala simba. Mwindaji mkuu wa msituni ni tai wa Ufilipino, mwenye urefu wa takriban mita 1 na mabawa yanayofikia mita 2 yakikunjuliwa. Jozi moja hutaga yai moja kila baada ya miaka miwili na huhitaji maelfu ya hekta za msitu. Inakadiriwa zimebaki jozi 400 hivi. Kwa mimea, kuna mtambaa uitwao Strongylodon macrobotrys, wenye vishada vya maua ya kijani-samawati. Uchavushaji wake hufanywa na popo, wanaoning'inia kichwa chini wakifyonza nekta.

Upekee huu una hatari yake. Tamaraw, nyati mdogo wa Mindoro, walikadiriwa kuwa 10,000 mwanzoni mwa karne iliyopita. Miaka ya 1930 ng'ombe walioingizwa kisiwani walileta sotoka, ugonjwa uleule uliofyeka mifugo ya Wamaasai miaka ya 1890. Uwindaji na mashamba vikamalizia, na kufikia mwaka 1969 walikuwa hawafiki 100. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Tamaraw wamebaki mamia machache tu, wengi wao katika milima ya Iglit-Baco.

Kwa hiyo hifadhi moja kubwa, hata ikilindwa vizuri namna gani, haitoshi kwa nchi kama hii. Msitu wa Luzon hauwezi kumwokoa nyati wa Mindoro, wala kilele kimoja hakiwezi kuhifadhi panya wa kilele kingine. Ufilipino italazimika kulinda misitu yake kisiwa kwa kisiwa, mlima kwa mlima, kwa sababu mnyama akitoweka huko, ametoweka duniani.