Mabaki ya Nyuzi Yasitupwe: Vibanio vya Nywele kwa Mabinti Zetu

Baridi ya Juni na Julai katika nyanda za juu za Ufipa haina mzaha. Mji wa Sumbawanga uko katika mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ndiyo maana sweta na kofia za kufuma huko si pambo bali ni hitaji. Kila sweta linapokamilika hubaki vibonge vya uzi, kimoja chekundu, kingine cha kijani, visivyotosha hata soksi ya mtoto. Nyumba nyingi huvitupa. Sisi tunaona vina kazi, nasi tumeonywa dhidi ya ubadhirifu katika Suratul-Israa.

Uzi si mgeni Ufipa. Wasafiri wa Kizungu waliopita huko katika karne ya 19 waliziona nguo za pamba zilizofumwa na wenyeji kwenye vitanda vya mfumi, kabla ya nguo za ng'ambo kuififiza kazi hiyo.

Raba nyembamba zinazouzwa kwa mafungu hukata nywele kila zinapovuliwa. Zikikazwa miezi mfululizo, hung'oa nywele za pembeni mwa paji la uso, kisha lawama hutupiwa mafuta! Raba iliyovikwa uzi haikwaruzi. Hata hivyo, uzi hauurekebishi mkono wa msusi: akibana mno, madhara ni yale yale.

Zinahitajika raba nene kiasi, mita chache za uzi, na sindano ya kufumia yenye ndoana nchani. Asiye na mabaki aweza kufumua sweta la mitumba lililochakaa, auzungushe uzi kwenye mgongo wa kiti, aulowanishe na kuuacha ukauke ili ujinyooshe. (Yule mwanamke wa Suratun-Nahl, aya ya 92, alifumua uzi uliokuwa imara, hapa twafumua kilichokwisha kazi.)

Pitisha sindano ndani ya raba, kamata uzi na uuvute: umepata kitanzi. Kamata uzi tena juu ya raba, uupitishe katika kitanzi hicho. Kuanzia hapo kila tundu ni namna moja: sindano ndani ya raba, vuta kitanzi cha pili, kamata uzi, uupitishe katika vitanzi vyote viwili kwa pamoja. Endelea hadi raba isionekane, ukiyasukuma matundu yabanane, kwani yakiwa machache raba haitavutika. Mzunguko wa pili ndio wa urembo: fuma mnyororo wa vitanzi vitatu, uushikize katika tundu linalofuata, na kuendelea hivyo hadi mwisho, marinda yatajitokeza yenyewe. Kata uzi, upitishe katika kitanzi cha mwisho, kisha ufiche ncha kwa sindano ya kushonea. Binti wa miaka tisa au kumi aweza kuimudu kazi hii.

Baadhi ya akina mama huhofia kwamba uzi kichwani unaingia katika katazo la kuunga nywele. Hofu hiyo inastahili jibu. Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuunga nywele na mwenye kuungwa, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wakahitilafiana kuhusu kisicho nywele. Imam Malik alizuia kuunga kwa kitu chochote. Al-Layth bin Saad aliona katazo linahusu nywele tu, si sufi wala kitambaa. Naye Said bin Jubayr amepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba hakuona ubaya katika nyuzi za kusukia. Imam an-Nawawi, wa madhehebu ya Shafi, amenukuu kutoka kwa Kadhi Iyadh kwamba kufunga nyuzi za hariri za rangi, zisizofanana na nywele, si kuunga bali ni kujipamba. Kibanio chekundu kinachoonekana wazi kuwa ni uzi kiko mbali na katazo. Uzi mweusi uliosukwa ili udhaniwe nywele ni jambo jingine, na hapo tunashauri aulizwe sheikh wa msikiti wa karibu.

Katika udhu, kwa Mashafi, kupaka maji sehemu ya kichwa kunatosha, hivyo kibanio si kizuizi. Katika josho la janaba, Mtume (s.a.w.) alimjuza Ummu Salama kwamba hahitaji kufumua misuko yake, yatosha kumimina maji kichwani mara tatu. Lakini uzi mnene hunyonya maji mengi, na kukivua kibanio ni kazi ya nukta moja tu.

Kwa binti aliyebaleghe marinda yawe mafupi, ushungi usije ukanyanyuka kisogoni kama nundu. Na kwa kuwa uzi wa pamba huchelewa kukauka wakati wa baridi, ni vyema kufuma viwili, kimoja kichwani, kingine kambani.